Ndigana kali: shika mitoki kabla ng'ombe hajaanza kukohoa

Ukiitwa zizini ukamkuta mtamba amesimama peke yake, shingo ameinyoosha, povu jeupe linamtoka puani na mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto, ujue umeitwa mwisho wa safari. Sindano utachoma, na wapo wanaopona hata wakiwa katika hali hiyo, ila ni wachache. Mapafu yameshajaa maji, na dawa ya ndigana huua kimelea tu. Maji haiyatoi.

Nimehangaika na mifugo miaka mingi, na karibu kila mzoga wa ndigana kali niliopasua, mwenyewe aliniambia kuna kitu alikiona siku nne au tano kabla. Aliona maziwa yamepungua. Aliona uvimbe chini ya sikio akadhani ng'ombe kaumwa na nyuki. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya siku hizo nne au tano, kwa sababu ndizo zinazoamua kama ng'ombe ataishi.

Ugonjwa una kalenda yake

Ndigana kali, ambayo Wamasai huiita oltikana na wataalamu huiandika kwa kifupi ECF (East Coast fever), huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva. Iko kuanzia Sudan Kusini, Uganda na Kenya, ikapita Rwanda, Burundi na Tanzania, hadi Malawi, Zambia na Msumbiji. Mbebaji wake mkuu ni kupe wa kahawia anayependa kujificha ndani ya sikio. Kupe huyu katika maisha yake hunyonya mara tatu, kila mara kwa mnyama mwingine: akitoka kwenye yai, akiwa kijana, na akishakomaa. Katikati huanguka majanini na kujivua gamba. Anachokinyonya kwa ng'ombe mwenye vimelea akiwa mdogo, hukimwaga kwa ng'ombe mwingine akishapanda hatua moja. Kwenye yai kimelea hakipiti, kwa hiyo vile vikupe vidogo vilivyototolewa juzi havina ugonjwa bado.

Kuna jambo hapa ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa, nalo lina thamani kubwa. Kupe akishang'ata, hamwagi ugonjwa papo hapo. Vimelea vilivyo kwenye tezi zake za mate huhitaji siku mbili hadi nne za kunyonya ndipo vikomae. Kupe uliyemtoa sikioni leo jioni, aliyepanda asubuhi, hajafanya kitu. Ndiyo maana naomba kila anayekamua ng'ombe kwa mkono apitishe kidole ndani ya masikio yote mawili kabla ya kuondoka. Ni nusu dakika.

Akishamwaga, hesabu siku. Kati ya siku ya saba na ya kumi hivi, mtoki wa chini ya sikio, yaani tezi inayochuja majimaji ya mwili, huanza kuvimba. Siku moja au mbili baadaye homa inapanda. Kisha mitoki mingine inafuata, ng'ombe anaacha kula, macho yanatoa machozi, kikohozi kinaanza, na kama hakuna aliyefanya lolote, wengi hufa katika wiki ya tatu au ya nne tangu kung'atwa. Kati ya mtoki wa kwanza na povu la puani una wiki moja ukibahatika, na mara nyingi ni pungufu.

Kinachovimbisha mitoki ni chembe nyeupe za damu, askari wa mwili wenyewe. Kimelea huingia ndani ya chembe hiyo na kuilazimisha igawanyike bila kikomo, mfano wa saratani, nacho kinagawanyika pamoja nayo, kila chembe mpya ikiondoka na fungu lake. Chembe hizo husambaa mwilini, zikafika mapafuni, na huko ndiko zinakoua.

Hatua ya kwanza: vidole

Usingoje kipimo cha maabara ili ujue mtoki umevimba. Jifunze kwa ng'ombe mzima wa afya kwanza, wakati wa utulivu, ili siku ya tatizo vidole vikumbuke.

Anza chini ya sikio. Simama ubavuni mwa kichwa, weka kiganja pale taya linapokutana na shingo, chini kidogo ya tundu la sikio, kisha bonyeza kwa ncha za vidole ukizungusha taratibu. Kwa ng'ombe mzima hutaona uvimbe, na utalazimika kuutafuta mtoki ndipo uuhisi. Kwa mgonjwa utakutana na kitu kigumu cha mviringo kinachoteleza chini ya ngozi, na linganisha mara moja na upande wa pili. Upande mmoja ukiwa mkubwa kuliko mwingine, fungua sikio la upande huo uangalie ndani. Utakuta kupe, au kovu la kupe, au utandu wa damu kavu. Mtoki huu ndio unaochuja majimaji yanayotoka sikioni, ndiyo sababu huwa wa kwanza kuvimba.

Kisha nenda mbele ya bega. Pale shingo inapoungana na bega, kandamiza kwa vidole vinne ukivuta kutoka bega kwenda mbele. Hapa hata ng'ombe mzima ana mtoki unaoshikika, mrefu kama kidole. Ukikuta umejaa kiganja na ng'ombe anajivuta ukiubonyeza, kuna jambo. Mtoki wa tatu uko mbele ya goti la mguu wa nyuma, kwenye ule mkunjo wa ngozi unaounganisha paja na tumbo. Ukiukuta huo nao umevimba pande zote mbili, ugonjwa umeshatoka sikioni na umeenea mwili mzima.

Hatua ya pili: kipimajoto

Kama una ng'ombe hata mmoja wa maziwa, nunua kipimajoto. Kwa kweli sijui kifaa kingine cha bei ndogo kilichookoa ng'ombe wengi zaidi ya hicho.

Funga uzi kwenye ncha ya juu ya kipimajoto, na mwisho wa uzi weka kibanio cha nguo ubane kwenye manyoya ya mkia. Kisipofungwa kitaanguka kivunjike au kitavutwa ndani. Kama ni cha zebaki, kikung'ute hadi zebaki ishuke. Kipake mafuta ya kula au maji ya sabuni, inua mkia, kiingize kwenye njia ya haja kubwa kwa kukizungusha, kisha kiinamishe kidogo ili ncha iguse ukuta wa utumbo. Ikiwa imezama kwenye kinyesi utapata joto la uongo. Subiri dakika mbili kamili.

Joto la kawaida la ng'ombe ni nyuzi 38 hadi 39.3. Pima asubuhi kabla jua halijawaka, maana ng'ombe aliyetoka kutembea juani saa saba mchana anaweza kufika 39.5 bila ugonjwa wowote. Asubuhi ukikuta zaidi ya 39.5 na mtoki umevimba, chukulia kwamba ni ndigana kali mpaka ithibitike vinginevyo. Ndigana iliyokolea hupeleka joto 40 hadi 42. Joto likishuka ghafla chini ya 38 kwa ng'ombe aliyekuwa na homa na ambaye hajatibiwa, usifurahi. Huyo anakata tamaa.

Kuna dalili nyingine za kuandika kwenye daftari pamoja na joto: manyoya yamesimama, hacheui, maziwa yamepungua nusu kwa siku moja, jicho linaanza kuwa na ukungu wa buluu, vidoadoa vyekundu chini ya ulimi au ndani ya uke. Baadhi huharisha, mara nyingine kwa kamasi na damu.

Hatua ya tatu: usiichanganye na nduguze

Hapa ndipo nilipopata funzo langu kubwa, na bado linaniuma. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliitwa kuona mtamba mwenye homa ya 40.5. Nilitazama ufizi nikauona umefifia kidogo, nikasema ndigana baridi, nikachoma oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Siku ya pili homa ilishuka kidogo nikajipongeza. Siku ya tano alianza kukohoa, siku ya saba akafa. Mwenyewe, mzee wa heshima kabisa, aliniuliza swali moja tu: "Kijana wangu, mbona shingoni hukumshika?" Alikuwa ameuona uvimbe siku zote na alidhani mimi ninajua.

Ndigana baridi husababishwa na kimelea kingine kinachovunja chembe nyekundu za damu. Ng'ombe hukosa damu, ufizi na ndani ya uke huwa weupe kisha wa manjano, kinyesi kinakuwa kikavu na kigumu, na mitoki kwa kawaida haivimbi hivyo. Hiyo ndiyo inayosikia oksitetrasaiklini. Ugonjwa wa kukojoa damu hujitambulisha kwenye mkojo wenyewe, mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi. Ugonjwa wa maji moyo huja kwa kasi na hupiga mishipa ya fahamu: ng'ombe anatembea akiinua miguu juu, anatafuna bila chakula, anaanguka na kupiga mateke hewani.

Ndorobo ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu nayo huvimbisha mitoki. Tofauti ni mwendo wake. Ndorobo hukondesha polepole kwa wiki na miezi, homa inapanda na kushuka, na mahali hapo huwa na mbung'o wanaoueneza. Ndigana kali inamchukua ng'ombe mwenye mwili wake, mnene, siku kumi zilizopita alikuwa anakamuliwa vizuri. Anayekohoa bila mtoki kuvimba, na wenzake zizini nao wanakohoa, fikiria homa ya mapafu na toa taarifa haraka, huo ni ugonjwa wa kutangazwa. Na kama malisho yenu yanachanganyika na nyumbu wakati wa kuzaa kwao, ukungu wa macho kwa ng'ombe unaweza kuwa wa ugonjwa mwingine unaotoka kwa nyumbu, mwambie daktari kwamba nyumbu walikuwepo.

Usione aibu kukosea, maana wakubwa walikosea kabla yetu. Robert Koch, yule Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu, aliviona vimelea hivi kwenye damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, akadhani ni sura nyingine ya ugonjwa wa kukojoa damu. Mwaka 1901 na 1902, baada ya sotoka, tauni ya ng'ombe, kufagia mifugo ya kusini, ng'ombe walisafirishwa kutoka Afrika Mashariki kwenda kujaza pengo, na ugonjwa ukashuka nao hadi Zimbabwe ya leo na Afrika Kusini, ukaua ng'ombe wasio na idadi. Arnold Theiler ndiye aliyeonyesha kwamba huu ni ugonjwa unaojitegemea, na kimelea kikapewa jina lake.

Hatua ya nne: chukua kipimo, lakini usikisubiri kama joto limepanda

Daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata anaweza kuchoma sindano tupu kwenye mtoki uliovimba, akavuta tone la majimaji, akalipaka kwenye kioo na kulitia rangi ya maabara iitwayo Gimsa. Chini ya hadubini ataona vimelea ndani ya chembe nyeupe. Hicho ndicho kipimo cha kuaminika. Damu ya sikio peke yake inaweza kupotosha, kwa sababu ng'ombe wengi wa asili waliowahi kupona hubeba vimelea vichache kwenye chembe nyekundu wakiwa wazima kabisa. Wapo waliotibiwa ndigana huku wanakufa na jambo lingine, eti kwa kuwa damu "imeonyesha".

Kama hadubini iko mbali, kioo kitafika kesho na joto ni 40.8 sasa, chukua kioo kisha tibu.

Hatua ya tano: uzito, kisha dozi

Dawa inayoponya ndigana kali ni buparvakwoni, inayojulikana na wengi kwa jina la Butalex ingawa kuna chupa nyingine zenye kiambato hicho hicho. Soma kiambato kilichoandikwa kwa herufi ndogo, usisome jina kubwa. Dozi yake ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa chupa yenye nguvu ya miligramu 50 kwa mililita, hiyo ni mililita 1 kwa kila kilo 20. Ipo pia parvakwoni, dawa iliyoitangulia, ambayo hutolewa miligramu 10 kwa kilo mara mbili, saa 48 zikipita katikati, au miligramu 20 kwa kilo kwa mara moja.

Dozi ikikosewa, mara nyingi mkosaji ni makadirio ya uzito. Niliwahi kufika kwa mama mmoja mwenye ng'ombe mmoja tu wa maziwa, chotara mkubwa, ambaye alikuwa amechomwa siku mbili kabla na homa imegoma.

"Daktari, mbona dawa haifanyi kazi? Juzi tu alichomwa."

"Alichomwa mililita ngapi, mama?"

"Tano. Yule kijana alisema tano zinatosha, dawa yenyewe ghali."

Nilitoa kamba ya fundi cherehani. Kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, kilikuwa sentimita 168. Urefu, kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa nyonga unaochomoza pembeni ya mkia, ulikuwa sentimita 140. Hesabu yake ni hii: zidisha kifua kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Nilipata kilo 364. Ng'ombe wa kilo 364 anahitaji mililita 18. Mililita tano ni dozi ya ndama wa kilo 100. Tulimchoma dozi kamili palepale. Alipona, lakini maziwa hayakurudi yote katika uzao ule, na zile pesa za mililita tano zilikuwa zimemwagwa.

Dawa hii huchomwa kwenye msuli, shingoni. Usiichome kwenye mshipa wala chini ya ngozi. Tafuta ile pembetatu katikati ya shingo, mbele ya bega, chini ya ukingo wa juu wa shingo na juu ya mfupa wa uti. Futa kwa spiriti. Tumia sindano safi namba 16 au 18 yenye urefu wa inchi moja na nusu. Dawa ni nzito na kisindano chembamba kitakupotezea muda huku ng'ombe akirusha kichwa. Vuta bomba nyuma kidogo kabla ya kusukuma. Ukiona damu, chomoa usogee. Dozi ikizidi mililita 10, igawe pande mbili za shingo. Uvimbe kidogo pale ulipochoma ni jambo la kawaida, mwambie mwenye ng'ombe mapema asije akaogopa.

Oksitetrasaiklini yenyewe haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuonekana. Naandika hivi kwa msisitizo kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa urahisi kwenye kila duka la pembejeo, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuamini kwamba inaponya. Ina kazi yake kama nyongeza, pale daktari anaposhuku kuna ndigana baridi pamoja, au bakteria wameingia kwenye mapafu yaliyochoka. Ikitolewa, iwe kwa bomba lingine na upande mwingine.

Kwa anayehema kwa shida tayari, daktari huongeza dawa ya kukojoza maji, furosemidi, ili mapafu yapate nafasi. Hiyo mwachie daktari aipime mwenyewe.

Hatua ya sita: siku tatu za uuguzi

Ng'ombe mwenye ndigana ana pumzi ya kukopa. Usimtembeze. Nimeona ng'ombe waliochomwa dawa sahihi, dozi sahihi, kisha wakaswagwa kilomita tatu kwenda josho kesho yake, wakaanguka njiani. Mweke kivulini, maji safi yawe puani mwake, majani mabichi laini yakatwe yaletwe. Pumba yenye molasi kidogo humvuta kula. Akilala, mweke akae kwa kifua, mzuie kwa gunia la majani asilale ubavu. Kupe mtoe kwa mkono, au mpake dawa masikioni kwa kitambaa.

Usimnyweshe kitu kwa nguvu kwa chupa. Ng'ombe anayehema kwa haraka hamezi vizuri, na uji au dawa ya mitishamba uliyokusudia tumboni itaingia mapafuni. Hapo utakuwa umemuua kwa mkono wa huruma.

Na kuna hili la kuchoma mitoki kwa chuma cha moto. Najua limerithiwa, najua babu zetu waliwapenda ng'ombe wao kuliko tunavyowapenda sisi, na walitumia walichokuwa nacho. Lakini mtoki ni mlango tu ambako ugonjwa umebisha hodi. Ukiuchoma, vimelea vilivyokwisha kusambaa kwenye ini, mapafu na damu havijui kama umechoma. Unachomwongezea ni kidonda, inzi na maumivu katika siku anazohitaji kila nguvu aliyonayo. Naomba tuliache.

Pima joto asubuhi na jioni, uandike. Baada ya saa 48 rudia kumkagua mwili mzima. Kama joto limeshuka chini ya 39.5, anacheua na mtoki umeanza kulainika, endelea na uuguzi. Kama bado joto liko juu, rudia dozi kamili ya buparvakwoni kati ya saa 48 na 72 baada ya ile ya kwanza. Ikifika siku ya nne bila mabadiliko, mrudie daktari, maana ama utambuzi haukuwa sahihi ama kuna ugonjwa mwingine umejificha chini yake.

Mtoki unaweza kubaki mkubwa kwa siku kadhaa hata ng'ombe akishaanza kula. Fuata joto na hamu ya kula.

Ndigana kali haiambukizi binadamu, si kwa maziwa wala kwa nyama. Dawa ndiyo yenye masharti. Kila chupa ina muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa na muda mrefu zaidi, wa wiki kadhaa, kabla ya kuchinja. Andika tarehe ya sindano ukutani, na kama ng'ombe amezidiwa baada ya kuchomwa, usimkimbize buchani.

Ng'ombe aliyepona

Atakuwa na kinga dhidi ya aina ile iliyomshika, lakini mara nyingi hubaki na vimelea vichache ambavyo kupe wanaweza kuvichukua na kuvipeleka kwa ndama. Hahitaji kutengwa wala kuuzwa. Inamaanisha tu kwamba zizi lenye aliyepona halina ruhusa ya kulegeza uogeshaji.

Ogesha kila baada ya siku saba, na mvua zikikolea, wakati kupe waliokomaa wanapokuwa wengi, mara mbili kwa wiki ukiwa na ng'ombe wa kisasa. Kumbuka zile siku mbili hadi nne za kupe kunyonya: ndizo zinazopanga ratiba hii. Changanya dawa kwa kipimo cha kwenye chupa. Ukipunguza ili idumu, kupe dhaifu watakufa na wenye nguvu watabaki wazae. Pampu ilowe mwili wote mpaka maji yadondoke tumboni, halafu malizia masikio kwa mkono, ndani, maana mvuke wa pampu haufiki huko. Ukiona kupe wamekaa hai siku mbili baada ya kuogesha vizuri, badilisha kiambato. Kuhama kutoka chupa ya bluu kwenda chupa ya kijani, zote zikiwa na saipamethrini, hakubadilishi kitu.

Unayefugia ndani usijihesabu kuwa salama. Majani unayokata kando ya barabara ambako ng'ombe wa wengine wanapita huja na kupe wake. Yaanike kwanza, na kagua masikio vilevile. Ukinunua mtamba kutoka mahali pasipo na kupe, jua kwamba unamleta mgeni asiye na kinga yoyote, na wa aina hiyo wasipotibiwa karibu wote hufa.

Chanjo

Ipo, na inafanya kazi. Ilibuniwa Muguga, Kenya, na huitwa mchanganyiko wa Muguga kwa sababu ina aina tatu za kimelea ndani yake. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wameitumia kwa wingi kwa ndama wao. Huchanjwa mara moja katika maisha, kuanzia ndama wa mwezi mmoja hivi, akiwa mzima wa afya, na huwekewa hereni sikioni ili ijulikane.

Si chanjo ya kawaida. Ndama huchomwa vimelea hai vilivyohifadhiwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, na papo hapo huchomwa oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu, ili ugonjwa uingie ukiwa umefungwa breki na mwili ujifunze kupigana. Hapa ndipo oksitetrasaiklini inapofaa dhidi ya ndigana, siku ile ile kimelea kinapoingia, kabla hakijashika mizizi. Na kwa sababu breki ni dozi, uzito wa ndama lazima upimwe. Ukimkadiria ndama wa kilo 90 kuwa ni wa 60, umemchoma ugonjwa na theluthi mbili ya kinga. Mchanjaji akija, mpe kamba ya cherehani kabla hajafungua mtungi.

Katika wiki ya pili na ya tatu baada ya chanjo, ndama wachache hupata homa. Wapime kila asubuhi kwa siku hizo. Mtoki mdogo chini ya sikio bila homa mara nyingi ni mwili unajifunza, na ukimkimbilia kwa buparvakwoni mapema unaweza kuikatiza kinga. Homa ya zaidi ya 39.5 inayoendelea hadi siku ya pili pamoja na kuacha kunyonya, mpigie mchanjaji simu siku hiyo hiyo umtajie namba ya hereni na joto la siku zote ulizopima.